Kishikizo cha Mkufu na Saini ya Mama Sumaku

Mawakala wa forodha walimwita Mama Sumaku kwa sababu alikuwa na kipande cha sumaku, chenye ukubwa wa ukucha, kilichofungwa kwenye uzi na kuning'inia shingoni mwake. Kila kitu cha madini kilichoingia chumbani kwake kilikutana na sumaku hiyo kwanza. Kikinasa, kilikuwa na chuma ndani hata kama nje kilimetameta dhahabu. Kisiponasa, ndipo alipovuta taa, mizani na kichupa cha tindikali, na kazi ikaanza.

Mimi nilikuwa karani wa masjala, mlango wa pili kutoka kwake, ghorofa ya tatu. Mafaili yake yote yalipita mikononi mwangu, na chai ya saa nne tulikunywa pamoja kwa miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa mengine niliyaona na mengine aliniambia mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa uainishaji. Mzigo ukifika kutoka nje, lazima mtu aseme kile kitu ni nini kwa lugha ya Kitabu cha Ushuru, maana kila kifungu cha kitabu kina kiwango chake. Yeye alipewa vifaa vya mapambo: shanga za kioo, waya wa fedha, minyororo inayouzwa kwa mita, ndoano za hereni, pete ndogondogo za kuunganishia, na vishikizo, yaani vile vidude vya nyuma ya shingo vinavyofunga mkufu. Ofisi nzima hakuna mwingine aliyeweza kutofautisha kioo na jiwe kwa kukigusisha mdomoni. Yeye aliweza. Kioo hupata joto haraka, alisema, jiwe hukaa baridi.

Chumba chake kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jengo la jirani. Mafundi rangi waliwahi kulipaka likiwa limefungwa, na tangu siku hiyo halikufunguka tena. Aliandika barua mbili kuhusu dirisha hilo. Majibu yalikuwa kwamba suala lake linashughulikiwa.

Sasa, kisa chenyewe kilianza na jambo aliloandika vizuri. Miaka sita kabla ya mambo haya, mfanyabiashara mmoja mjanja alileta mikufu elfu kadhaa ikiwa imefumuliwa. Minyororo ilikuwa kwenye boksi moja, vidani kwenye jingine, vishikizo na ndoano zake kwenye la tatu, na akatamka kwamba analeta vifaa vya bati vya kushonea mikoba. Mama Sumaku alikaa na maboksi yale siku tatu. Akahesabu, akaona kila mnyororo una kidani chake na kishikizo chake, hakizidi wala hakipungui hata kimoja. Akaandika kwamba mkufu uliofumuliwa bado ni mkufu, na yule bwana akatozwa ushuru wa mapambo, ambao ni mkubwa kwa sababu mapambo yanahesabiwa anasa. Ofisi ilishangilia. Mama Sumaku alipewa cheti. Aliyekuwa msimamizi wake siku hizo akapandishwa cheo, akawa Mkuu wa kitengo, na nakala ya uamuzi ule akaiweka kwenye fremu ofisini kwake.

Tatizo lilikuwa sentensi ya mwisho. Mama Sumaku aliandika: "Vishikizo na ndoano za aina hii ni mapambo." Alitaka kusema ni mapambo vikija na mkufu wake. Hayo maneno manne, vikija na mkufu wake, hakuyaandika. Alikuwa amechoka, na mpigaji chapa alikuwa amesimama mlangoni akisubiri karatasi.

Kwa miaka miwili hakuna aliyegundua. Kisha siku moja likaja boksi la vishikizo vitupu, mzigo wa mafundi wadogo, hakuna mnyororo wala kidani. Kwa akili ya kawaida, na kwa Kitabu cha Ushuru chenyewe, kishikizo kilichokuja peke yake ni kifaa cha bati kama kifungo cha mkoba, na ushuru wake ni mdogo. Lakini wa chini yake walikuwa wameshafungua faili, wakakuta uamuzi, wakagonga muhuri. Mapambo. Karatasi ikaja kwake kutiwa saini.

Aliniambia alihisi kama mtu aliyefunga mlango halafu akakumbuka ufunguo uko ndani.

Akamwandikia Mkuu kuomba sentensi ile irekebishwe. Barua ikarudi na maneno mekundu pembeni: "Zingatia uamuzi uliopo." Akaenda kumwona ana kwa ana. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akamweleza taratibu kwamba wakikiri kosa leo, kila aliyetozwa kwa miaka yote ile atarudi kudai, na wa juu watauliza nani alipitisha. Akamnyooshea kidole ile fremu ukutani. Akasema, "Mama, hii imetufikisha hapa sote wawili. Tuiache ilale."

Basi akaomba uhamisho, aende kwenye nguo, au matairi, au popote. Akajibiwa kwamba hana mbadala. Mwaka uliofuata akaomba tena, akajibiwa hivyohivyo, na mara hii wakaongeza pongezi kwa utaalamu wake. Utaalamu ule aliousomea kwa mapenzi ndio uliomfungia kwenye kiti. Na kila wiki maboksi ya vishikizo yalikuja, na kila wiki alitia saini. Miaka minne.

Nyumbani alikuwa na mumewe, fundi friji, mtu wa utani. Zamani alizoea kumuuliza mkewe, "Na mimi umeniweka kifungu gani?" Naye alikuwa akimjibu kwamba yumo kwenye bidhaa zisizotajwa kwingineko, maana katika kitabu kile kuna kifungu cha vitu vilivyokosa pa kukaa. Walicheka utani huo tangu uchumba. Katika miaka ile minne mume aliuacha, kwa sababu mke hakuwa anajibu tena.

Halafu akaja yule fundi hereni.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kidole gumba cha kulia kimefungwa plasta, na mkoba wa kitambaa begani. Hakuja na wakala kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumlipa. Alikuwa akifanya kazi na dada zake wawili sebuleni kwao, wakitengeneza hereni na mikufu ya shanga. Alieleza kwamba tangu ushuru wa vishikizo upande, waliacha kuagiza, wakawa wanakunja waya kwa koleo mmoja mmoja. Dada yake mkubwa vidole vilikuwa vimekakamaa, asubuhi alishindwa kufunga hata vifungo vya gauni. Ndipo wakajikusanya, wakaagiza boksi moja tena, na limekwama hapa.

Nilikuwa ndani ya chumba siku hiyo, nimeleta faili. Fundi hereni alichota konzi ya vishikizo kutoka kwenye sampuli, akavimwaga juu ya meza chini ya taa.

"Dada," akasema, "nichagulie kimoja nivae."

Mama Sumaku alikigusa kimoja kwa ncha ya kidole, akakisogeza, akakirudisha.

"Uamuzi upo," akasema mwishowe.

"Nani aliuandika?"

"Mimi."

Fundi hereni akamwangalia. Hakukasirika. Akasema polepole, "Basi afadhali, nimefika kwa mwenyewe."

Mama Sumaku angeweza kuishia hapo. Lakini alivuta fomu ya rufaa kutoka kwenye droo, akamwonyesha pa kujaza, akamwambia ana siku thelathini kwenda Baraza la Rufaa, na kwamba aambatanishe kishikizo kimoja. Hilo lilikuwa halali kabisa, ni haki ya kila mwenye mzigo. Hata hivyo, fundi hereni alipotoka, Mama Sumaku alifunga mlango kabla ya kuvikusanya vile vidude.

Wito wa Baraza ulipofika, Mkuu alimteua yeye kwenda kuutetea uamuzi. Nani mwingine, alisema, na alikuwa sahihi. Akampa kurasa mbili zilizoandikwa tayari, akamwomba azisome kama zilivyo na asiongeze chochote. Mama Sumaku alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Mkuu aliitaja miaka hiyo mara mbili katika mazungumzo mafupi, kwa sauti ya upole, na Mama Sumaku akamwelewa.

Jumapili kabla ya shauri alimsimulia mumewe yote, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani huku mume akilehemu bomba la friji. Alitaka aambiwe la kufanya. Mume akazima kifaa chake, akavua miwani.

"Siwezi kukwambia useme nini, mke wangu. Ila miaka minne sasa unaingia mlango huu kama mtu aliyekanyaga kitu njiani na hajui pa kusugulia kiatu."

Kisha akavaa miwani, akaendelea na kazi. Mama Sumaku aliniambia alimkasirikia kwa jibu hilo mpaka jioni, maana halikumsaidia kukata shauri.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki. Wajumbe walikuwa watatu, mwenyekiti mwanamke mwenye sauti ya chini. Fundi hereni alikaa upande mmoja na dada yake mkubwa. Mama Sumaku akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Sauti yake haikukwama popote. Mimi niliyeketi nyuma na sanduku la mafaili nilidhani yamekwisha.

Mwenyekiti akakiinua kishikizo kilichoambatanishwa. Akauliza, "Siku ile ulipoandika uamuzi, ungeletewa hiki peke yake, bila mnyororo, ungekiandika mapambo?"

Jibu la swali hilo halikuwamo kwenye kurasa mbili. Mama Sumaku akaziangalia hata hivyo, akageuza moja, akageuza nyingine.

"Hapana," akasema. "Sentensi ile ina upungufu wa maneno manne. Ni yangu, nilikosea. Niliomba irekebishwe, haikurekebishwa, nikaendelea kutia saini."

Mwenyekiti alimwomba arudie ili iandikwe, naye akarudia neno kwa neno.

Fundi hereni alishinda. Boksi lake lilitoka wiki ile kwa ushuru mdogo. Ningependa kusema kwamba Mama Sumaku naye alitoka, lakini haikuwa hivyo. Baraza liliamua juu ya boksi lile moja tu, na kuishauri ofisi iupitie uamuzi wake. Ofisi ikaunda kamati. Kamati ikakutana, ikaahirisha, ikakutana. Wakati huo wenye vishikizo wengine waliendelea kutozwa kama mwanzo, isipokuwa aliyejua kukata rufaa.

Hawakumfukuza. Mkuu hakumpazia sauti hata mara moja, aliacha tu kumkaribisha kiti. Alimwondolea haki ya kutia saini, akamkataza kuonana na wateja. Kazi yake ikawa kupima, kuandika kitu ni nini, na kutuma karatasi kwa wengine. Aliomba uhamisho kwa mara ya tatu. Wakamjibu kwamba kamati inahitaji uzoefu wake, abaki palepale.

Nilimuuliza kama anajuta. Akasema hajuti, ila alidhani akishasema ukweli angepumua, na bado hajapumua. Akaongeza kwamba angalau sasa akifika nyumbani anazungumza, mpaka mumewe analalamika kwamba hapati nafasi.

Miezi minane baadaye fundi hereni alirudi, safari hii na boksi la ndoano za hereni. Uamuzi wa zamani ulitaja vishikizo na ndoano, na Baraza liligusa vishikizo tu. Kwa hiyo ndoano zake zilikuwa bado ni mapambo, na ilimbidi aanze upya. Nilimweleza hayo mimi chini, kwenye dirisha la mapokezi. Alisikiliza, akaomba fomu, kisha akauliza yule dada wa juu hajambo. Nikamwambia hajambo, ana kazi nyingi. Akaacha salamu.

Nikazipeleka ghorofa ya tatu. Mama Sumaku alikuwa ameinamia trei ya shanga. Alizipokea salamu, akataka kujua rufaa siku hizi inachukua muda gani. Nikamwambia kama miezi saba. Akaiandika ile saba pembeni ya daftari, kisha akaniomba nisogee kutoka mlangoni kwa kuwa nilikuwa nimeziba mwanga.