Picha ya Thelathini na Mbili

Nimemdanganya kipofu, na kipofu mwenyewe ni baba yangu mzazi.

Mbaya zaidi, alijua.

Subirini, msianze kunishukia kwenye komenti. Nimalize kwanza.

Mama yangu alifariki nikiwa na miezi mitano. Simkumbuki hata kidogo. Picha zake zilikuwa kwenye sanduku kule studio, paa likavuja msimu wa mvua kubwa, zikagandamana zote zikawa kama tofali moja.

Ndiyo, studio. Baba alikuwa mpiga picha. Nusu ya mji imetundika picha alizopiga yeye, na kwetu ukuta mtupu.

Ila nilikuwa na tumaini moja. Kabatini kwake kulikuwa na kamera ndogo ndani ya mfuko wa ngozi, na ndani ya kamera kulikuwa na mkanda ambao haujasafishwa.

"Mama yako yumo humo," aliniambia tangu nikiwa darasa la kwanza. "Nilimpiga picha thelathini na moja kwa siku moja. Zimebaki tano. Mkanda ukiisha, tutausafisha."

Hakuumaliza. Siku tisa baada ya picha zile mama aliugua ghafla, akapelekwa hospitali na hakurudi. Nikadhani baba anaogopa kumwona tena, basi nikamwacha, nikangoja.

Nikakua. Nikafungua kibanda cha kutoa kopi na kujalidi vitabu. Nikaolewa, nikaachika. Bado nangoja.

Mwaka jana macho ya baba yakaanza kuzima. Presha ya macho, daktari akasema, na tumechelewa.

"Yatabaki kiasi gani?" nikauliza.

"Mama, hayatabaki."

Nikahamia kwa baba. Jumapili mchana akawa ananiomba nimsomee magazeti yake ya zamani ya upigaji picha. Alikuwa nayo kama arobaini chini ya kitanda, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Mimi na karatasi tunaelewana, lakini yale ukifungua vibaya yanakatika mkononi.

Jamani, tulicheka. Kila tangazo lina mwanaume kavaa suti, kapakata kamera utadhani kichanga.

"Baba, hawa wanasema hii itadumu maisha yote."

"Maisha ya nani? Muuzaji au mnunuzi?"

Alizijua zote. Nikimsomea jina tu, ananiambia ile ilikuwa nzito kama pasi, ile ilikuwa inapitisha mwanga pembeni, ile lazima uhesabu hatua mpaka kwa mtu ndipo ujue umbali. Na ile yake ndogo aliiona kwenye jalada la nyuma, akaitamani miaka mitatu. Ya studio ilikuwa sanduku kubwa la kusimamia miguu mitatu, huwezi kumfuata nayo mke wako jikoni.

Gazeti moja tu hakutaka. Lilikuwa halina jalada. Kila nikiligusa aliligundua kwa mlio wake.

"Hilo weka pembeni."

"Lina nini?"

"Halina kitu."

Nikaweka pembeni. Mzee akishasema hivyo humtoi hapo.

Siku aliponiuliza kama taa imewashwa, na saa ilikuwa sita mchana, nikaona basi, imetosha.

"Baba, nausafisha ule mkanda. Nataka umwone kabla hujashindwa kabisa."

Nikaona vidole vyake vinakunja shuka.

"Fanya unavyoona," akasema.

Nikatoa kamera. Kwenye kidirisha chake cha namba ilisoma thelathini na mbili, si thelathini na moja. Nikajua mzee kasahau hesabu, miaka mingi hiyo.

Sikuwahi kushika kamera ya mkanda maishani mwangu. Nikafuata maelezo ya gazeti: bonyeza kitufe cha chini, kunjua kijimkono cha juu kushoto, zungusha mpaka kilegee, mkanda utakuwa umerudi wote ndani ya kikopo chake. Nikazungusha. Mara tatu tu, kikalegea. Nikafurahi mwenyewe, kumbe kazi yenyewe rahisi hivi!

Nikampelekea Mzee Dawa, aliyekuwa akimsafishia baba picha enzi zile. Chumba chake cha giza siku hizi anahifadhia ndoo, lakini alizitoa zote nilipomwambia ni mkanda gani. Alimjua mama.

"Umeurudisha vizuri?"

"Vizuri kabisa. Nimezungusha mara tatu, ukaisha."

Akaniangalia.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Labda nne."

Akaacha anachofanya, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Picha thelathini, mwanangu, unazungusha mpaka mkono unachoka."

Sikumwelewa. Akaingia, akafunga mlango. Nilisimama nje nikiomba Mungu, na mimi si mtu wa kuomba sana.

Alitoka na mkanda umening'inia mkononi, maji yanachuruzika. Ulikuwa mweupe kama kioo. Nilikuwa naona kidole chake upande wa pili.

"Nimeuunguza na mwanga?" nikauliza.

"Ukipigwa na mwanga unatoka mweusi. Huu haujawahi kuona mwanga wowote. Ncha yake haikushika vizuri siku ile alipouweka. Akawa anavuta, anabonyeza, namba zinapanda, mkanda umetulia ndani haujasogea. Kamera ngeni ile, alikuwa na haraka. Hata fundi hupatwa."

Nililia barabarani kama mtoto. Watu wananipisha.

Baba alikuwa kaketi kitandani, kageukia mlango. Siku hiyo alikuwa anaona vivuli tu.

"Imetoka?"

Niseme nini? Thelathini na nne, miaka ya mtu hiyo. Nimwambie alikuwa anapiga hewa?

"Imetoka, baba."

"Ametokaje?"

Sura ya mama yangu siijui.

"Anacheka," nikasema.

"Kavaa ile nguo ya maua makubwa?"

"Ndiyo."

"Kageukia dirishani? Ana mwanya hapa juu, kama wako, anauficha kwa mkono?"

"Anauficha, baba."

Akatabasamu. Akalala. Wiki ile ile giza likamfunga kabisa, na tangu hapo hajamtaja mama tena.

Mwezi uliopita nikaamua kuyajalidi yale magazeti yasije yakapotea. Nikafika lile lisilo na jalada. Ukurasa wa barua za wasomaji, jibu moja limepigiwa mstari: ukivuta mkanda, tazama kijimkono cha kushoto, kisipozunguka, hakuna unachopiga.

Pembeni kuna mwandiko wa baba, na tarehe. Mama alikuwa na wiki sita kaburini.

"Nimevuta mara moja zaidi kuhakikisha. Hakizunguki."

Ndiyo ile thelathini na mbili.

Alijua miaka yote hiyo. Aliniuliza ametokaje akijua hakuna aliyetoka. Na hadi leo sijui kama nguo ya maua ilikuwepo, au mwanya, au naye alikuwa ananitungia mtoto wake kitu cha kushika.

"Umefika lipi?" akauliza kutoka chumbani.

Nikalifunga.

"Lile halina kitu, baba. Nimeliweka pembeni."

"Vizuri," akasema.

Siwezi kumuuliza zaidi. Nikimuuliza, atajua nimelisoma, na tutabakiwa na nini?

Nawaachia hili tu. Kwa sababu picha ilikuwepo, sikuwahi hata siku moja kumwambia baba anieleze mama alikuwaje. Miaka thelathini na nne alikuwa na kumbukumbu, mdomo na macho, na mimi nikangoja kikopo. Kama kuna mtu unamngoja kwenye picha, nenda ukamuulize aliyemwona. Nenda leo, wakati bado utaweza kumwamini.