Gari Lilipanda, Njia Ikashuka

Sikugundua ni Jumamosi ipi majembe yalinyamaza.

Nilikuwa kijijini kwetu Lusangi siku hiyo, bila shaka. Nilikunywa chai kwa mama, nikasoma kidogo, nikalala mchana. Huenda hata niliufurahia ule utulivu.

Kazi yangu ni kufundisha historia. Nimekaa miaka mingi nikiwaeleza wanafunzi namna mambo yanavyokoma. Kumbe jambo lilikuwa linakoma nje ya dirisha langu, nami nikaliita mapumziko.

Wengi mmenitumia ile picha ya gari la jipu, refu, lililokaa juu ya tope kama kuku anayeatamia, magurudumu yote manne yakizunguka bure. Mnacheka. Wengine mnasema ni uchawi wa dhahabu ya Salamabila.

Si uchawi. Jipu lile ni la kaka yangu, nami nilikuwa ndani.

Kaka yangu anaitwa Musafiri. Kwa miaka mingi alibeba watu na mizigo kutoka Kasongo hadi Kabambare, na kutoka hapo hadi machimboni Salamabila. Jipu lake lilikuwa fupi. Mvua ikinyesha, lilikwama. Ndiyo maana juu ya paa hapakukosa majembe, mbao na mnyororo.

Alikuwa dereva ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kushuka. Alishuka, akajaza shimo, akapanda. Mbele kidogo akashuka tena.

Mwaka ule dada yetu mdogo, Chimène, alishika mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, naye akafa baada ya juma moja. Daktari alimwonya waziwazi: atakayefuata asimzalie kijijini. Aje Kasongo, hospitali, kabla uchungu haujaanza.

Mume wake, Mugisho, mtu wa Kivu, alikuwa Salamabila akichimba. Kwa hiyo shauri lilibaki kwetu.

Mama alitaka Chimène aondoke mapema, atembee polepole, alale kwa jamaa njiani, kisha akae kwangu Kasongo akisubiri.

Musafiri alikasirika.

"Mama, muke na tumbo atembee na mguu, na mie niko na gari? Watu watasema nini?"

"Gari yako inalala Kalubi kila mvua," mama akamjibu.

Kalubi ni bonde lililoko kati ya Lusangi na Kasongo. Tope lake tunalijua tangu utoto.

"Basi nitaipandisha," Musafiri akasema. "Nitaipandisha mpaka Kalubi iiamkie shikamoo."

Chimène alicheka akashika mbavu. "Yaya," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "pandisha. Lakini mie nitapandia wapi? Utaniletea ngazi?"

"Nitakubeba mugongoni kama zamani."

Nami nikaunga mkono. Niliona ni jambo la busara: upendo uliokutana na ufundi.

Tukaenda Kasongo, kwa fundi Assani, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kuzima injini.

Assani alifungua malamu ya lori lililokufa, yaani yale mabamba ya chuma yanayobeba uzito wa gari. Akayapanga pamoja na yale ya jipu. Akaweka amortisere ndefu, zile za kupunguza mishtuko. Mwisho akafunga mapine makubwa, matairi yenye meno kama ya mamba, yaliyoletwa kutoka Bukavu.

"Musafiri," akasema akijifuta mafuta, "hii gari ikitoka hapa, hata muke wako atakusalimia na kuangalia juu."

"Lete urefu, fundi. Hesabu ya muke wangu ni yangu."

"Na weye Profesa, unaangalia tu kama mutu wa leta, wa serikali?"

"Nauliza kama haitaanguka kwenye kona."

"Gari haianguki, Profesa. Mutu ndiye anaanguka. Gari inalala tu."

Tulicheka sote. Jipu lilikuwa limesimama mbele yetu, refu, la kutisha, kama mnyama aliyeamka. Niliweza kuinama na kuona upande wa pili.

Safari ya kwanza ilikuwa sherehe. Tulifika Kalubi wakati tope limejaa. Musafiri hakushuka. Alibadilisha gia, jipu likanguruma, likavuka likitikisa makalio kama bibi harusi. Abiria walipiga vigelegele.

Tulipofika Lusangi, alishusha mbao kutoka paani. Akashusha majembe. Akashusha na mnyororo.

"Hizi kilo ni za bure," akasema. "Pahali yake nitaweka watu watatu."

Nilimsaidia kuzibeba mpaka nyuma ya jiko la mama.

Hapa lazima niwaeleze salongo.

Kijijini kwetu, kila Jumamosi asubuhi, kapita Radjabu, msimamizi wa kijiji, alipuliza filimbi, na watu wakatoka kwenda kutengeneza njia. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake, kutoka kijito hadi mti, kutoka mti hadi kilima. Wakikata majani, wakifungua mifereji ya maji, wakijaza mawe Kalubi. Waislamu kwa Wakristo, hakuna aliyesema hiyo si kazi yake.

Na aliyeibembeleza salongo kuliko wote alikuwa Musafiri mwenyewe. Mtu mwenye gari fupi huihitaji njia. Kila mwezi alileta mfuko wa chumvi kutoka Kasongo, akagawia wafanyakazi, akaingia nao kwenye tope, akaimba nao.

Baada ya jipu kupanda, chumvi haikuja tena.

Hakukataa. Alisahau tu. Mtu hasahau kumpa maji mbuzi anayemkamua, lakini aliyeacha kukamua husahau.

"Gari ya Musafiri inapita," watu wakaanza kusema. Likawa jibu la kila kitu. Filimbi inalia: gari ya Musafiri inapita. Daraja la magogo limelegea: gari ya Musafiri inapita.

Zaidi ya hayo, vijana walikuwa wanaondoka. Wazo la kufika Salamabila kwa mguu lilikuwa linawachosha wengi kabla hata ya kuanza safari. Sasa ilikuwa kupanda tu. Kila juma niliona jipu likiondoka na vichwa vingine juu ya mizigo, na kila kijana ameshika jembe lake la kwenda kuchimbia dhahabu.

Niliwapungia mkono. Niliona vijana. Majembe sikuyaona.

Na yale mapine yenye meno yalikuwa yanakula njia. Kila yalipopita Kalubi yaling'oa mawe ya salongo na kuacha mifereji miwili. Hapakuwa na mtu wa kuifukia. Ikafika magotini, kisha mapajani. Watu wa pikipiki wakaacha kupita humo, wakajifungulia vinjia vyembamba porini, kimoja kikifa wakafungua kingine.

Musafiri aliendelea kupita. Jipu lilikuwa refu.

Mwezi wa Chimène ulipokaribia, mama alirudia shauri lake. Aende sasa, polepole, na mguu.

"Mama," nikasema mimi, msomi wa familia, "gari lipo. Kwa nini tumtese?"

Tuliondoka Lusangi asubuhi, mbingu nyeupe baada ya mvua. Musafiri kwenye usukani, Chimène katikati, mimi mlangoni. Mama nyuma, na sufuria, na vitenge vya mtoto.

Kumpandisha Chimène ilikuwa kazi. Musafiri alipiga goti, akamweka mgongoni, kama alivyoahidi.

"Umekuwa muzito kama gunia ya muhogo," akasema.

"Tuko wawili, yaya. Heshimu watu."

Kalubi ilitusubiri.

Jipu liliingia kwa nguvu kama kawaida. Likaenda mpaka katikati. Kisha tukasikia sauti chini yetu, laini, kama mtu mzito anayekaa kwenye kochi.

Magurudumu yakazunguka. Hatukwenda mbele, hatukurudi nyuma.

Nilishuka nikazama hadi kiunoni. Nikainama kutazama chini, nikaona jambo ambalo lilikuwa wazi tangu garajini kwa Assani.

Bodi ilikuwa juu kabisa, paja zima la hewa kati yake na tope. Lakini ule mti wa chuma unaounganisha magurudumu, ambao mafundi wetu huuita pont, pamoja na tumbo lake la gia, ulikuwa umekalia tuta lililo katikati ya mifereji. Malamu hayaupandishi huo. Hupandisha kilicho juu yake. Mapine makubwa yalikuwa yameuinua vidole viwili hivi, na yenyewe yalichimba mashimo marefu kuliko hivyo.

Tulichopandisha ni viti tulivyokalia.

"Lete jembe," nikamwambia Musafiri.

Alitazama paa. Mimi pia nikatazama paa.

Tulichimba kwa panga na sufuria ya mama. Tope lilirudi kila tulipolitoa. Jua lilipanda, Chimène akaacha kufanya mzaha. Kisha akaanza kushika mlango kwa mikono miwili.

"Yaya," akasema polepole. "Imeanza."

Musafiri alikimbia kurudi Lusangi kutafuta wabebaji. Alirudi na kapita Radjabu, wazee wawili na kikohozi chao, na wake zao. Wanaume wenye mabega walikuwa Salamabila. Yeye ndiye aliyewapeleka.

Wakati huo walitokea, upande wa Kasongo, watu wanaosukuma baiskeli zenye bidoni, madumu ya mafuta ya mawese. Aliyetangulia, jina lake Raphaël, alitazama jipu, akatazama mifereji.

"Jambo, shofere."

"Jambo."

"Hii kaburi ni weye umechimba, na jembe hauna?"

Musafiri alimwonyesha mlango wa jipu kwa kidole.

Ndipo Raphaël alipomwona Chimène ndani. Uso wake ukabadilika. "Ee Mungu. Angusheni bidoni. Towa kiti ya gari, upesi!"

Tuling'oa kiti cha nyuma, tukamlaza juu yake, tukambeba. Watu wale wa baiskeli hawakutujua. Waliacha mafuta yao kando ya njia, wakabeba mbele, sisi tukabeba nyuma. Mama alitembea pembeni ameshika kidole cha Chimène, akimsemesha kwa Kibangubangu, lugha aliyotusemesha tulipokuwa wachanga.

Kila tulipoteleza, kiti kilipinda, naye akalia.

Halafu aliacha kulia. Hilo lilinitisha zaidi.

Chimène alifika Kasongo. Mtoto hakufika.

Alikuwa msichana. Kovu la zamani lilikuwa limepasuka, na daktari, ili amwokoe mama, aliondoa kizazi. Alitueleza kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyetu vya tope. Musafiri aliuliza kama kungekuwa na tofauti tungewahi.  Daktari alimshika bega tu.

Mugisho alikuja kutoka machimboni, akakaa siku chache, akarudi. Tangu hapo hutuma salamu, na salamu zinapungua.

Baadaye nilikwenda Lusangi, kwa mguu, kumshukuru kapita Radjabu. Nilimkuta barazani akisuka kamba. Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza zamani: salongo ilikufa lini?

"Salongo haikukufa siku moja, mwanangu. Mie nilipuliza filimbi tu. Walikuja kumi. Walikuja wane. Halafu akakuja mutu mumoja."

"Nani?"

Alikaza fundo la kamba.

"Dada yako. Chimène. Alikuja na jembe na tumbo yake mbele. Akaniambia, 'Baba kapita, mie ndiye nitapita ku ile njia, wacha nifukie hata kidogo.'"

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza.

"Nikamurudisha nyumba," Radjabu akasema. "Nilimuhurumia. Nilimuambia, 'Binti yangu, enda upumuzike, gari ya yaya wako inapita pote.' Ile ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Nikaweka filimbi."

Alinionyesha ilipo, imening'inia ukutani. Sikuigusa.

Nilimuuliza mama kama alijua. Alijua. Alisema Chimène alirudi siku ile amekasirika, akalitupa jembe nyuma ya jiko, juu ya yale ya Musafiri. Mimi nilikuwa ndani, nasoma.

Ukipata cha kukuinua juu ya tope, usidhani tope limeondoka. Limebaki njiani kwa ajili ya wengine, na siku moja hao wengine watakuwa wewe.

Musafiri aliwatuma watu wakaling'oa jipu kwa kamba wakati wa kiangazi. Assani alitoa malamu na mapine, akarudisha ya zamani, bila kusema lolote, na hilo kwa Assani ni msiba. Majembe yamerudi paani. Lakini njia yenyewe haipo tena. Musafiri alijaribu kuita salongo, alileta chumvi mifuko mitatu. Wakaja wazee na wajane, wakajaza kiasi walichoweza, mvua ikakibeba.

Chimène anaishi kwangu Kasongo. Huongea vizuri na kila mtu. Musafiri akija, Chimène huingia jikoni.

Gari halifiki Lusangi sasa. Wanawake wenye mimba hutembea hadi Kasongo mwezi wa saba wa mimba, kabla tumbo halijawa zito, na chumba changu cha vitabu kimetandikwa mikeka mitatu ya kulala wakisubiri, ambayo Chimène ndiye anayeiosha.