Vipimo vya Nungunungu

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi cherehani, na angekuwa fundi cherehani tu tungeishi kwa amani. Shida ilianza alipogundua kwamba kila mteja anayesimama mbele yake na kunyoosha mikono apimwe ni mnyama.

Hasemi hivyo kwa kutukana. Anasema mtu akizungushiwa futi kiunoni hawezi kujificha. Karani mmoja wa benki huvuta pumzi na kujaza mashavu mpaka kipimo kiishe. Huyo ni chura. Wakala wa bima alirudi mara tatu kubadilisha rangi ya vifungo vya koti lile lile, kinyonga. Mkuu wangu wa shule, maana mimi nafundisha darasa la tatu, akijaribu suruali huingiza mguu mmoja, kisha husahau wa pili na kubaki hewani akieleza alivyokuwa mwembamba ujanani. Huyo amekuwa heroe, yule ndege asimamaye kwa mguu mmoja, na tangu siku hiyo siwezi kumsikiliza kikaoni bila kujiuma shavu.

Wanyama hawa wana kazi yao. Kila Jumapili alasiri Fundi huondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, pale chumba cha mbele, na tunacheza mchezo wa mezani ambao yeye ndiye msimulizi wake. Kila mchezaji ana mhusika, mnyama aliyevaa nguo, mwenye ajira na majirani wabaya. Fundi anatueleza kilichotokea mjini kwao, sisi tunasema mnyama wetu anafanya nini, halafu tunatupa dadu kuona kama ameweza. Jirani yetu, msoma mita za maji, ni nguchiro, kwa jinsi anavyopenya kwenye nyua za watu. Dada yangu ni twiga, kwa sababu anaona kila kitu na hasemi. Mimi ni bata. Nilinuna wiki nzima. Nilipodai maelezo, nikaambiwa kwamba naongea tangu mabega mpaka kifundo cha mguu, kisha naondoka na futi ya watu shingoni. Niliondoka nayo mara mbili tu.

Sasa, mama yetu, mimi na dada, hakuwahi kumkubali huyu mkwe. Alimtakia binti yake mume mwenye ofisi. Kwa miaka kumi na mmoja amemwita "Fundi", kwa sauti ile ile ya kumwita mtu aliyekuja kutengeneza bomba. Mwaka jana, baada ya baba kufariki, akahamia kwa dada, na Jumapili ya kwanza tu akamkuta mkwe wake amekaa kichwani mwa meza, ndevu zina mvi, akiongea kwa sauti ya kobe anayedai pasipoti yake.

Aliingia jikoni kumwambia dada, na mlango akauacha wazi ili wote tufaidike.

"Mtu mzima analia kama kobe mbele za wageni. Na wewe unamletea chai."

"Ni mchezo tu, Mama," dada akasema.

"Nimeona ni mchezo. Ndiyo maana nasema."

Akakata kauli: mjukuu wake, mtoto wa kaka yetu mkubwa, akishaoa, meza ile ibaki ya kazi, Jumapili watu wapumzike. Dada hajawahi kubishana na Mama, na hakuanza siku hiyo. Fundi alikubali shingo upande. Roho iliniuma kwa ajili yake, bata au si bata. Mtu anashona sketi za watu siku sita, ana masaa matatu tu ambayo ni yake, na hayo nayo yanaondoka. Akabaki na tumaini moja, gauni la Mama la kuvaa kwenye harusi hiyo. Likimkaa vizuri, pengine angelegeza kamba. Alinunua kitambaa kizuri kuliko vyote dukani, cha rangi ya zambarau iliyokolea, na alimpima Mama mara mbili huku amebana pumzi.

Lakini Fundi ana daftari moja. Ukurasa wa kulia anaandika vipimo vya mteja: kifua, kiuno, nyonga. Ukurasa wa kushoto anaandika mnyama wa mteja huyo, naye ana namba tatu, moja chini ya nyingine: nguvu, wepesi, ujanja. Tulimwambia zamani anunue daftari la pili. Akatujibu kwamba mnyama ukimtenga na vipimo vyake hana uhai.

Jumapili ya mwisho kabla ya harusi tulikuwa watatu mezani, nguchiro wa jirani yetu akijaribu kuiba funguo za ghala, dada akimimina chai. Mama akatoka chumbani na gauni jipya. Tuseme alitoka na nusu yake. Juu lilikuwa limegoma kufungwa, amejitupia taulo mabegani, na chini kulikuwa na nafasi ya kumkaribisha mtu wa pili. Msoma mita aliinua macho akaanza kukagua dari.

"Fundi," Mama akasema, "hili gauni ni la nani?"

"Lako, Mama."

"Mimi nina kifua cha mtoto wa darasa la tano?"

"Ngoja niangalie vipimo."

Akafungua daftari, na hapo ndipo nilipomwona akipauka. Alilifunga upesi, akaliwekea kiwiko juu. Mama akanyoosha mkono.

"Lete."

Akalileta. Mama alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kulia kwa sauti. "Mama. Kifua arobaini na nne, kiuno arobaini, nyonga arobaini na sita. Hivi ndivyo vyangu." Kisha macho yakahamia kushoto. "Nungunungu. Nguvu thelathini na nne. Wepesi thelathini na nane. Ujanja hamsini na mbili."

Akashusha macho akalitazama gauni, kifuani, kiunoni, nyongani. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia. Fundi alikuwa amekata kitambaa akiiwaza Jumapili, na mkasi ukafuata ukurasa wa mnyama.

Mama akaendelea kusoma. "Ni mjane. Analinda lango la mji. Hushambulia kinyumenyume, na huwarushia wapita njia miiba bila sababu." Akaweka kidole kwenye mstari. "Huyu ni mimi?"

Nilikuwa nimeshamwandalia shemeji yangu uongo wa aina tatu, achague.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Nisamehe."

Dada aliweka birika chini.

"Umewahi kumwona nungunungu?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Kwenye picha tu."

"Nilijua. Mimi nimekua nao, walikuwa wanatumalizia viazi shambani kwa baba. Nungunungu harushi miiba. Anakuonya kwanza. Anaitikisa, anapiga miguu chini, anakupa muda wa kuondoka. Ukichomwa baada ya hapo, umejitakia." Akavuta kiti akaketi, gauni likajaa pande zote. "Unaandika kitu hukijui. Futa hapo."

Fundi akafuta. Mama akalichukua tena daftari, akaanza kupekua. Akampitisha chura. Akamsahihisha kinyonga macho. Kwa heroe alisimama, akasoma mara mbili, mabega yakaanza kumtikisika, na taulo likaanguka.

"Huyu ni yule mkuu wako wa shule," akaniambia. Alikuwa amemwona mara moja tu maishani.

Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akatafuta tena.

"Na wewe Fundi uko wapi?"

"Mimi ni msimulizi, Mama. Sina mnyama."

"Umetugeuza wote wanyama, ukabaki mtu peke yako? Nipe kalamu." Akafungua ukurasa mtupu. "Wewe ni punda."

Kumwita mwanamume punda, nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Dada, twiga asiyesema, alifungua mdomo. Mama akamzuia kwa kalamu.

"Baba yangu alikuwa na ng'ombe wanane na punda mmoja. Ng'ombe ndio aliowasifia kwa wageni. Mwaka mama alipougua, ni yule punda aliyembeba mpaka hospitali, akamsubiri, akamrudisha. Hakuna aliyemwambia asante. Mimi nilikuwa mtoto, na mimi sikumwambia."

Akainama kuandika, muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo. Kisha akaenda kuvua gauni ili lifumuliwe, na akiwa mlangoni akatuagiza tusiendelee bila yeye, nungunungu ndiye mwenye lango.

Fundi alisoma ukurasa ule, akalaza daftari mezani, akaenda kukaa kwenye cherehani akitupa mgongo. Akaanza kukanyaga. Kitambaa hakikuwepo chini ya sindano, wala uzi haukuwepo. Alikuwa analia, na tulimwacha.

Nilivuta daftari nikasoma. Mwandiko wa Mama ni mkubwa, umejaa ukurasa mzima.

"Punda. Nguvu: nyingi. Wepesi: hana. Ujanja: hana kabisa. Mzigo: mama mkwe mmoja, miaka kumi na mmoja, hajamwangusha."