Mama Asiye na Presha

Jirani yangu hapa New Jersey hawezi kusimama karibu na binti yake bila kumpangusa vumbi begani, hata pasipo na vumbi. Akitaja vyuo vikuu vyenye majina hushusha sauti, kama anayetaja mgonjwa mahututi. “Sisi hatuna presha, jirani,” huniambia, huku akitafuna ukucha wa kidole gumba. Alikodi hata mshauri wa kumsaidia binti agundue anapenda nini maishani. Mshauri na mama wakakubaliana kwamba anapenda uchumi.

Aprili, tukichoma nyama uani kwao, nikamuuliza binti, “Haya Linnea, umechagua wapi?” Mama akafungua mdomo, lakini Linnea akamtangulia. “Chuo kimoja kidogo kule Oregon, shangazi. Nitasomea misitu.”

“Misitu!” mama akamaka. “Na vile vikubwa vimeshakukubali! Umeanza lini kupenda misitu?”

“Tangu darasa la tano. Hukuniuliza, mama.”

Tukasikia nyama ikiungua. Mama akajiketia kwenye nyasi, hivyo hivyo na suruali yake nyeupe. “Haya, nifundishe,” akasema. Linnea akaanza na mti uliokuwa ukitutilia kivuli, ambao miaka yote sisi watu wazima tulikuwa tukiuita mti tu.