Dobi, Pacha Wake na Chupa Mbili

Dobi hakuwa mtu wa vipodozi. Tangu usichana wake uso ule ulijua maji, sabuni ya kipande na mafuta yaleyale aliyowapaka wanawe, basi. Lakini pacha wake alipotuma habari kwamba anakuja, baada ya miaka mingi ya kusikia sauti kwenye simu tu, mwanamke mzima alishinda akiimba juu ya meza ya pasi. Alinyoosha mashati ya watu, akanyoosha mapazia yake, akamalizia na kitambaa cha kufutia vyombo, ambacho tangu kinunuliwe hakijawahi kuonja moto.

Habari ilikuja na picha. Dobi akaitembeza mtaani, akianzia kwa kinyozi wa mlango wa pili, yule ambaye makoti yake meupe huyafua na kuyapiga pasi yeye.

Kinyozi akaisogeza simu kwenye mwanga. "Amependeza. Huyu ndiye binti yako wa mwisho?"

"Binti yangu kitu gani? Huyo pacha wangu. Tumetoka tumbo moja, siku moja."

"Basi mama, wewe ulitoka asubuhi, yeye akasubiri miaka kumi ndiyo akatoka."

Dobi akamnyang'anya simu. Siku ile koti la kinyozi lilirudi na kola ngumu kama ubao wa mlango. Wanga ulimiminwa kwa hasira.

Maneno yale yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Si kwamba alitaka kuwa msichana. Ujana wake aliutumia, akaumaliza, hana deni nao. Alitaka kitu kimoja tu: asimame na mwenzake mlangoni, watu wapite, wasijue nani ni nani. Zamani hata baba yao alikuwa akimchapa mmoja kwa kosa la mwingine, na aliyechapwa hafungui mdomo. Huo ndio urithi wao, maana shamba hawakuachiwa. Leo kinyozi kaufuta kwa neno moja.

Akaenda dukani kwa mke wa mwanawe, anayeuza vipodozi.

"Nipe dawa ya makunyanzi, mwanangu. Ile kali."

Mkwe akaweka chupa mbili juu ya kaunta ya kioo. "Mama, usitafute kali, tafuta inayokufaa. Hii ni retinoli, ya ukoo wa vitamini A. Inaihimiza ngozi iliyochoka itoke, ije mpya. Kazi inafanya, lakini ukiiendea mbio itakukausha na kukubambua. Unapaka usiku, kiasi cha punje ya kunde, mara mbili kwa wiki, na mchana krimu ya kukinga jua. Hii nyingine peptaidi. Ni vipande vidogo vya protini. Hii mpole, hata kila siku unapaka, ila inataka subira."

"Subira mpaka lini? Mgeni anakuja wiki ijayo."

"Kwa wiki moja hakuna ya kukunyoosha, mama. Zote mbili ni kazi ya miezi."

"Mimi ndiye unayenifundisha mikunjo? Nimeanza kuiondoa hujazaliwa."

Mkwe mwenye akili habishani na pasi. Akatia chupa zote mbili kwenye mfuko.

Sasa, dobi ana kanuni yake, na wote waliopita mikononi mwake wameimeza: kitambaa usichokijua, kijaribu kwanza pindoni, upande wa ndani, pasi ikiwa vuguvugu. Kama angejaribu nyuma ya sikio, hadithi ingeishia hapa. Lakini moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha, na mwenye haraka hana pindo. Akaona uso una mashavu mawili: la kushoto retinoli, la kulia peptaidi, na litakaloshinda lijulikane. Hiyo punje ya kunde akaiona ni ubahili wa dukani. Akapaka kama anavyotia wanga, mpaka kitambaa kinywe kishibe, na akapaka kila siku.

Asubuhi alikimbilia kioo kabla ya birika. "Linavuta," akajiambia, akilishika shavu la kushoto. "Huyu mkwe wangu hajui kitu. Linavuta."

Kweli lilikuwa linavuta, kwa ukavu. Likavuta, likawasha, kisha likaanza kubambuka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. La kulia lilikaa vilevile, halina habari. Dobi akajifunga mtandio mpaka puani, akatangaza kwamba jino linamsumbua.

Mkwe alipokuja kumjulia hali ya jino, aliufunua mtandio huohuo. "Mama. Ulijaribu pindoni?"

"Uso si shuka."

"Ungekuwa shuka ungekuwa salama. Acha zote mbili, paka mafuta mepesi tu mpaka litulie, na jua ulikimbie."

Dobi alifikiria kumzuia mgeni. Hata simu aliishika. Lakini kabla hajapata uongo wa kutosha, mlango uligongwa, na huyo hapo pacha, begi begani, anacheka. Wakakumbatiana mpaka mtandio ukaanguka.

"Nani kakubambua?"

"Wewe na picha yako."

Hapo dobi akamtazama vizuri. Vikunjo vya pembeni mwa macho, vilevile. Mifereji miwili ya mdomo, ileile, hata ule wa kulia uliopinda kidogo.

"Mbona kwenye picha hivi havimo?"

"Ile simu ya mjukuu wangu. Inanyoosha kila mtu. Alimpiga paka picha, akatoka hana masharubu."

Dobi alicheka mpaka shavu likamuuma. Pacha, ambaye kukaa bure hawezi, akashika pasi huku akizitazama zile chupa. "Retinoli hii nimeisikia. Nitaichukua mimi."

"Chukua. Mimi nabaki na peptaidi."

Wakatazamana. Wote waliliona kwa pamoja: kila mmoja akishika njia yake, mwaka kesho kinyozi atakuwa kasema kweli.

"Basi tuchague moja," akasema dobi. "Peptaidi."

"Retinoli. Nani kakupa ukubwa?"

Wakiwa katikati ya ubishi, kinyozi akaingia, akamwendea moja kwa moja aliyeshika pasi.

"Dobi, koti langu tayari? Na safari hii punguza wanga, shingo inaniwasha mpaka leo." Kisha akamgeukia mwenye shavu lililobambuka. "Karibu, mgeni. Pole na safari. Naona jua la njiani limekuchoma."

Dobi akaupokea ugeni palepale. "Ahsante, baba. Nilikaa upande wa dirishani."

"Koti kesho," akasema pacha bila kuinua macho.

Kinyozi alipotoka, walilazimika kuishika meza kwa kucheka. Pacha ndiye aliyepata pumzi kwanza.

"Haya, peptaidi. Sote wawili, tuanze siku moja, shavu lako likipona. Baadaye tutaionja na hiyo nyingine. Pindoni kwanza."

"Pindoni kwanza," akakubali dobi. Alikuwa kashachukua koti la kinyozi, akalitia wanga kidogo sana, wa mtu aliyesamehewa.