Mnaonitaka nichambue ajali ya ndege, someni kwanza yaliyonikuta Tongoni

Habari za asubuhi wakuu.

Tangu ile ndege ianguke wiki iliyopita simu yangu haijapumzika. Kila nikiingia humu nakuta nimetajwa. "Kapteni tupe uchambuzi." "Kapteni, hapo si uzembe huo?" Kuna mmoja kanitumia kipande cha video kimetikisika chote, anataka nimwambie nani kaua watu.

Sitachambua. Nitawasimulia jambo moja tu, na sitalitia chumvi kwa sababu halihitaji. Mimi ndiye ninayeonekana vibaya humo ndani. Anayetaka mbwembwe apite uzi mwingine, sitamlaumu.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Nimerusha ndege ndogo miaka mingi, hizi za injini moja zinazopeleka wageni na mizigo midogo Unguja, Pemba, Pangani na kule mbugani. Siku hizi nimestaafu, macho yamegoma. Mtaani bado naitwa Kapteni, hata na watu wasiojua jina langu. Lile jina lilikuwa linanivimbisha kichwa, na sikujua.

Sasa, kulikuwa na kijana wa Tongoni, hapo kusini mwa mji. Athumani. Alikuja kwangu na leseni mbichi, mpole, anauliza maswali mpaka unachoka. Nilikaa naye kiti cha kulia, kile cha mwalimu, karibu mwaka mzima.

Mama yake, Bi Saumu, alimlea yeye na dada yake kwa kusuka mikeka na kukaanga samaki. Kila nilipopita Tongoni lazima niondoke na samaki wamefungwa kwenye gazeti, nitake nisitake. Gari lilinuka wiki nzima, mke wangu ni shahidi.

Asubuhi moja ya masika Athumani alitoka Unguja na abiria mmoja. Huyo abiria aliitwa Salimu, fundi wa mashine za boti, mwenyeji wa Ushongo. Walikuwa wanatua kiwanja cha nyasi upande wa Pangani.

Ndege iligusa chini kwa kasi, ikapitiliza kiwanja, ikaingia kwenye minazi.

Wote wawili walifariki.

Kuna mtu alikuwa amesimama pembeni na simu, akarekodi. Kufikia mchana video ilishafika kila mahali. Barazani kwa muuza kahawa, Ngamiani, nikakuta Athumani anauawa upya. Mmoja anasema ile minazi ina jini. Mwingine anasema karogwa na jamaa zake kwa sababu ya kazi nzuri. Wa tatu, mtu mzima na ndevu zake, anasema kijana alikuwa amelewa. Athumani huyo huyo ambaye hata soda alikuwa anaiona ina kelele.

Nilikasirika wakuu. Nilimpenda yule kijana, na hasira ile ilikuwa ya mapenzi kweli. Nikaomba video, nikaitazama mara tatu, nikatoa simu, nikarekodi audio na kuitupa kwenye group la mtaa.

Naikumbuka yote. Nilisema hivi: "Ndugu zangu, acheni mambo ya majini na uchawi. Mimi kapteni nimeiangalia video. Flap hazikushuka. Ametua bila flap, kwenye nyasi mbichi, kiwanja kifupi. Hilo ni kosa la rubani, basi. Binadamu tunakosea. Tumwombee."

Kwa wasiojua, flap ni vile vibao vya nyuma ya mabawa. Unavishusha wakati wa kutua ili ndege iweze kwenda polepole bila kudondoka. Usipovishusha unatua na mwendo mkubwa.

Hapa nisimame kidogo.

Kwetu sisi "kosa la rubani" ni neno la kazini. Tunalitamka kama fundi baiskeli anavyosema pancha. Halina dhambi ndani yake, halimlaumu mtu kaburini. Nilidhani nimemtetea. Sikukumbuka kwamba watu ninaowaambia hawajawahi kusoma ripoti hata moja ya ajali. Kwao kosa ni kosa. Mwenye kosa anaomba radhi, na asiyeweza kuomba, anaombewa.

Audio ikaondoka kwenye group letu ikaenda zake. Kabla ya isha ilishafika Tongoni. Ilishafika na Ushongo pia.

Tulimzika Athumani kesho yake baada ya adhuhuri. Jeneza liliwekwa uani kwao. Imamu akauliza kama desturi, "Mwamshuhudiaje maiti huyu?" Tukajibu, mtu mwema, mtu mwema. Akasema mwenye kinyongo naye amsamehe.

Akanyanyuka mzee mmoja kutoka nyuma. Nguo zake zilikuwa na udongo, maana na yeye alikuwa ametoka kuzika asubuhi ile ile.

"Mie ndiye babake Salimu," akasema. "Kosa la kijana huyu nimelisamehe. Mbele ya Mungu na mbele yenu."

Watu wakalia. Na mimi nikalia. Wanawake walikuwa ndani, na Bi Saumu alisikia kila neno kwenye dirisha.

Sitawaficha kitu: nilijisikia vizuri. Jamaa mmoja alinishika bega akaniambia, kapteni umetuondolea maneno ya majini. Nikarudi mjini nikiona nimefanya jambo la maana.

Ukapita mwaka na miezi kadhaa, kisha ripoti ya wachunguzi ikatoka. Rafiki yangu wa zamani wa kazini akanitumia. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa.

Flap alizishusha. Ya upande mmoja ikashuka, ya upande wa pili ikakataa, waya wake ulikuwa umekatika. Ndege ikiwa hivyo inabinuka. Athumani akairudisha ile iliyoshuka, zikawa sawa, ndege ikatulia. Ndiyo maana kwenye video zinaonekana juu.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini hakuja kutua Tanga kwenye uwanja mrefu. Tanga mvua ilikuwa imefunga. Na Unguja nako nyuma yake kulikuwa kumefunga. Ripoti imeandika hayo yote, taratibu, bila kupiga kelele, na mwisho ikasema rubani alichukua hatua sahihi.

Wakuu, ile hatua mimi ndiye niliyemfundisha. Tukiwa juu ya michungwa ya Muheza, asubuhi, hewa imetulia. "Flap moja ikikataa, irudishe ya pili. Utatua kwa mbio, lakini hutabinuka." Alinirudishia maneno yale mara tatu kama mtoto wa madrasa.

Na nilipoyaona kwenye video sikuyatambua.

Nikarekodi audio nyingine ya kusahihisha. Watu wawili waliweka dole gumba, mmoja akauliza nani anauza majiko ya gesi. Hakuna aliyeisambaza. Ile ya kwanza mpaka leo inazunguka, ikitokea ajali yoyote inafufuka.

Kwenda Tongoni nilichelewa wiki tatu. Mara gari bovu, mara kiuno. Uongo mtupu, nilikuwa naona aibu.

Nilipofika nilipokelewa na Mwanaidi, dada yake Athumani. Bi Saumu alikuwa chumbani anavaa. Alipotoka kwenda kisimani kutia udhu nikamwona kwa nyuma, nikadhani ni mtu mwingine. Mama yule alikuwa na mwili. Nikamuuliza Mwanaidi, mama anaumwa?

"Tangu amalize ile funga hajarudi mwilini," akaniambia.

Funga ipi?

Akaniangalia. "Kapteni, kwani hujui? Ya Athumani."

Ndipo akanieleza. Baada ya arobaini Bi Saumu alimwendea shehe, akamuuliza mtu akiua kwa kukosea inakuwaje. Shehe akamwambia ipo kafara, kufunga miezi miwili mfululizo bila kuruka hata siku moja, na kama mwenyewe amekufa jamaa yake anaweza kumfungia. Lakini shehe naye alimuuliza, una hakika kijana alikosea? Mama akajibu, kapteni wake aliyemfundisha kasema kwa mdomo wake, kosa la rubani.

Akafunga. Ana sukari, ana miaka sabini na kitu. Siku ya arobaini na moja alianguka jikoni wakamkimbiza hospitali. Shehe akaja kumwambia aache, Mungu anajua udhuru wake. Akaitikia kwa adabu. Alipopata nafuu akaanza upya, kutoka moja, akazimaliza sitini zote.

Bi Saumu akaja akakaa mkekani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea!"

Nikamweleza. Waya, flap, mvua ya Tanga, yote. Nikamwambia ripoti imesema Athumani alifanya sawasawa na mimi nilisema nisichokijua. Nikamwomba radhi.

Akawa anavutavuta ukindu uliochomoza kwenye mkeka.

"Kwa hiyo mwanangu hakukosa?"

"Hakukosa, mama."

"Alhamdulillahi." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Basi zile siku sitini nilimfungia nani?"

Nilitazama chini.

"Basi zitakuwa zako," akasema. "Mungu akupokelee." Akamwita Mwanaidi alete chai.

Hakuwa na hasira, na hakuwa ananisema. Alikuwa anatafuta pa kuziweka.

Niliondoka na samaki kwenye gazeti.

Hiyo ndiyo sababu sichambui. Sisemi marubani wote tufunge midomo, maana siku ile ningekaa kimya, maneno ya jini na ulevi yangebaki kwenye jina la Athumani. Hata wachunguzi nawalaumu, mwaka mzima bila kuiambia familia hata mistari mitatu. Ningeweza kusema kuhusu flap ni nini. Ningeweza kusema sijui. Neno "sijui" lingetosha kabisa barazani siku ile, na mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kulisema kuliko wote.

Mkuu uliyenitumia video, jibu langu ni hilo. Sijui.

Wengine karibuni, hasa mlio kwenye kazi hizi. Mtu wa fani afanye nini wakati mtaa unasema uongo na ukweli bado haujafika? Nipingeni pia, nimezoea.

Ila nitajibu baada ya magharibi, nikishafuturu. Nimeona aibu kufungiwa na mama wa watu. Shehe kaniambia hainilazimu, nikamwambia najua.

Leo ni siku ya kumi na tisa.