Tundu Alilolisahau Bi Pindo

Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, naye aliitika. Jina alilopewa na babake lilibaki kwenye kitambulisho tu, maana hapakuwa na suruali wala sketi pale ambayo pindo lake halikupita mikononi mwake. Alishonea barazani kwake, kwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga, mkanda wa kupimia shingoni, sindano zimechomekwa kifuani, na mdomo usiokosa neno. Mteja akilalamika kwamba nguo inambana, Bi Pindo humtazama tumbo kwanza.

"Nguo ni ileile," husema. "Aliyebadilika ni mwenye nguo."

Mbele ya baraza lilisimama gari lake. Gari la familia, si kubwa si dogo, tumbo lake limeinuka juu ya ardhi kiasi cha paka kupita bila kuinama. La dizeli, tena la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mumewe ndiye aliyelinunua, likiwa limeshatumiwa na wengine, akamfundisha kuliendesha wakati wenzake wa rika lake wanafundishwa na wajukuu kubonyeza simu.

"Dizeli ni kama mzee," marehemu alimwambia. "Haamki kwa kukurupushwa."

Kwa hiyo kila asubuhi Bi Pindo alizungusha ufunguo nusu, akasubiri ile taa ndogo ya manjano izimike, injini ipate joto, ndipo akamalizia. Nalo likaitika ta-ta-ta-ta, kama cherehani inayoshona turubai. Alilipenda kwa mlio huo kabla hajalipenda kwa jambo jingine.

Na mambo mengine yalikuwapo. Viti vya nyuma vililala vikawa sakafu moja na buti, majora yake ya vitambaa yakaingia yote, na mtu mmoja akapata pa kukaa. Mafuta halikunywa, lilionja. Na kwenye mlima, pale magari ya petroli yanapopiga kelele ili yapande, hili lilikoroma chinichini likavuta, maana nguvu ya dizeli iko chini, huna haja ya kuikimbiza injini. Turbo ikiingia unaisikia mgongoni, kama mtu amekuegemea kwa upole akakwambia twende.

Mlima wenyewe ndio uliokuwa na maana. Juu yake aliishi dada yake mkubwa, miguu imekwisha kazi, kichwa bado kinafanya kazi ya watu wawili. Kila wiki Bi Pindo alipanda kumwosha nywele, kumsuka, na kugombana naye. Wiki wasipogombana, wote wawili waliugua.

Basi mumewe alipofariki, Bi Pindo alilivisha gari. Ndivyo alivyojua kuomboleza. Alilishonea viti, akalishonea usukani, na pale katikati, kati ya viti viwili vya mbele, akatandika kitambaa kinene alichokidarizi maua mekundu, petali kwa petali, akakikaza pande zote. Mjukuu wake wa kike alikuwa na tabia ya kuchezea kila kilichopo pale, na kitambaa kile kilimkomesha. Kwenye gia na kwenye breki ya mkono aliacha tundu. Aliona inatosha.

Tangu hapo gari likaanza visa. Kiangazi halikuwa na neno. Mvua ikinyesha, likifika kona ya mwisho ya mlima ule wa udongo mwekundu, magurudumu yanazunguka mahali pamoja, gari linatetemeka, linarudi nyuma. Bi Pindo akashuka na mafuta yake ya nywele hajayafungua.

Fundi wa magari akaitwa. Akakagua injini, akabadilisha kichujio cha dizeli, akatazama matairi, akasema yana meno ya kung'ata. Alipotaka kuingia ndani kukagua zaidi, Bi Pindo alisimama mlangoni.

"Na mikono hiyo ya grisi? Ukigusa maua yangu utayafua wewe."

Fundi akalijaribu hivyohivyo, barabara ya lami, Bi Pindo akiendesha, yeye amekaa pembeni kama mkwe ugenini. Gari likaenda kwa madaha kama bibi harusi. Akasema halina ugonjwa.

Hapo ndipo mwanawe, karani wa ofisi ya maji, alipopata la kusema. Alikuja jioni na mkewe, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mama, gari limechoka."

"Limechoka au umelichoka?"

"Kuna daktari wa mifugo analitaka. Tuuze, tukuchukulie kigari kidogo cha petroli. Chepesi, hata kuegesha hakikusumbui."

"Kitapanda kwa mama yako mkubwa?"

Mwanawe akatazama viatu. "Kiangazi kitapanda."

"Kwa hiyo dada yangu awe mtu wa kuonwa kiangazi. Kama embe." Bi Pindo alikanyaga cherehani ikanguruma. "Nywele zake nazo ziote kiangazi tu?"

Mkwewe alicheka, akajiziba mdomo. Lakini karani ni mtoto wa mamake, ukaidi aliurithi wote. Wakabishana mpaka chai ikapoa, wakaishia kuwekeana sharti. Jumamosi, mvua iwepo isiwepo, watapanda wote pamoja na daktari. Gari likifika mlangoni kwa mama mkubwa, karani hatalitaja tena maisha yake yote. Likishindwa, Bi Pindo atampa daktari funguo kwa mkono wake mwenyewe, na asinune.

"Kununa sikuahidi," alisema Bi Pindo. "Funguo nitatoa."

Jumamosi mvua ilikuwapo, tena ya kutosha. Bi Pindo alishika usukani, daktari wa mifugo pembeni yake, mwana na mkwe nyuma. Daktari alikuwa mtu mnene, mpole, anayenusa gari kama anavyonusa ng'ombe. Alisifu viti, akasifu injini isivyopaza sauti, akasema kwa kazi yake ya kupanda kwenye mazizi gari la namna hii ndilo dawa. Karani akatabasamu huko nyuma. Bi Pindo alimwona kwenye kioo.

Gari lilipanda vizuri, gia ya pili, halina haraka. Kona ya kwanza, kimya. Ya katikati, likayumba kidogo likajirudi. Kwenye ile kona ya mwisho, paa la nyumba ya dada linaonekana kabisa, magurudumu yakaanza tena mchezo wao. Tope likaruka hadi kwenye vioo. Gari likasimama.

Bi Pindo alivuta breki ya mkono, vidole vikabaki palepale.

Daktari akafungua mlango, akashuka na mabuti yake, akainama. "Mama, hebu gusa mafuta kidogo." Bi Pindo akagusa. "Basi." Daktari akarudi, maji yanamchuruzika. "Shikamoo yako nilikupa asubuhi, kwa hiyo niruhusu niulize. Mbele yanazunguka, nyuma yamekaa tu, kama wageni kwenye ugomvi wa wenyewe. Gari hili si la kuvuta kwa yote manne?"

"Ni la yote manne."

"Basi lina swichi ya kuchagua. Ya kuzungusha. Huwa hapa, karibu na gia." Akaweka kiganja juu ya maua mekundu, akapapasa. Chini ya ua kubwa kuliko yote palikuwa na uvimbe.

Bi Pindo akakumbuka. Akaliona kabisa jambo lenyewe: siku ya jua, marehemu anaizungusha swichi ile anasema lami haihitaji manne, tuliachie mawili, tubane mafuta. Kisha msiba. Kisha mjukuu na vidole vyake. Kisha kitambaa. Mtu aliyetoboa matundu ya vifungo vya mtaa mzima, tundu hili moja lilimpita. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kamba hii aliifunga mwenyewe, tena kwa maua.

"Tushuke, Mama," alisema mkwewe taratibu. "Ukafumue nyumbani, polepole. Usiharibu kazi yako."

Ilikuwa kazi yake kweli. Kila petali aliitia usiku wake wa machozi, na hakuwa ameshona kitu kizuri kama kile kabla wala baada. Alikitazama. Akalitazama lile paa pale juu.

"Nyumbani ni chini," alisema, "dada yuko juu."

Akatoa mkasi mkobani, akauchoma katikati ya ua, akakata. Sauti yake ilisikika gari zima. Akaingiza vidole, akaizungusha swichi hadi mwisho, pale inapoyafunga magurudumu yote yavute sawasawa. Kijitaa cha kijani kikawaka, kama jicho la mtu aliyeamshwa. Gia ya kwanza. Akaachia klachi kidogokidogo, akaligusa tu gari, hakulikanyaga. Nyuma wakasikia kama wameinuliwa kwapani. Likakoroma, likavuta, likapanda kona ile kama ngazi ya nyumbani.

Dada alikuwa mlangoni, kwenye kiti chake, amejifunika shuka.

"Umechelewa," alisema.

"Waulize wanao walionichelewesha," alijibu Bi Pindo, akateremka na mafuta ya nywele.

Karani alisimama uani, viatu vyake vya ofisi vimegeuka rangi. "Mama, kwa hiyo misimu yote hii..."

"Misimu yote hii lilikuwa linapumzika."

Daktari akasafisha koo, akasema alikuwa tayari kuongeza bei. Bi Pindo akamwambia ng'ombe wanamsubiri. Wakati wa kushuka karani ndiye aliyekaa mbele, akaingiza mkono kwenye ule mpasuko, akakuta kitufe kingine, kimechorwa gari kwenye mteremko. Akakibonyeza, gari likashuka likijizuia lenyewe, miguu ya mamake haikugusa breki.

"Na hiki je, Mama?"

"Hicho nilikiweka akiba."

Jumatatu Bi Pindo alikalia kiti cha dereva, mlango wazi, uzi mwekundu mdomoni, akiupiga ukingo wa mpasuko ule mshono wa tundu la kifungo, wa karibukaribu, usiofumuka. Mwanawe alipita akienda kazini, akasimama, akashika taa ya simu immulikie.

"Sogeza," alisema mamake. "Unanitilia kivuli kwenye ua."